Mrejesho: bamia za kaskazi na asumini, Wete, Pemba

Assalaam alaykum jamaa zangu. Niliwauliza vipi nitavuna mboga wakati wa kaskazi, miezi ya joto kabla ya masika, bila mboga kuungua na jua, na lini nipande asumini ubavuni mwa nyumba. Majibu yenu nimeyafanyia kazi.

Bamia zimekubali mno. Siri ni kuzikata zingali changa, kila baada ya siku mbili. Ukiiachia ikomae huwa ngumu kama kamba, na mti nao hupunguza kuzaa. Mchicha siung'oi, nakata juu ya macho ya chini, pale panapotoka machipukizi, unachipua upya. Makumbi ya nazi niliyoyatandaza mashinani yalishika unyevu hata kwa jua la Februari, na maji nilimwagia alfajiri tu. Nyanya zilinyauka, nimeziondoa.

Asumini sasa. Yule aliyeniambia nisubiri masika, Mungu amlipe kheri. Vipando nilivikata kwenye matawi yaliyokomaa kidogo, nikavichomeka kivulini mvua zilipoanza, na vimeshatoa majani mapya. Karibu yake nimeweka mrehani na mawaridi, maana kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, bila rehani mimi sikihesabu. Anayejua mkilua, ule mti wa maua ya kunukia, unavyooteshwa aniambie, nautaka sana.