Siku moja kwenye matuta ya Swakopmund: ubao, kwadi, Sandwich Harbour au viumbe wadogo?

BintiMikindani

Habari zenu wakuu. Mwezi wa saba nitakuwa Windhoek, Namibia, kikazi, kisha tunashuka Swakopmund, mji wa pwani, mimi, mdogo wangu wa kiume na mama yetu. Tutakuwa na siku moja nzima ya kuingia kwenye mchanga wa jangwa la Namib. Mdogo wangu anataka kasi. Mama goti linamsumbua, lakini si mtu wa kuachwa hotelini akitazama dirishani. Mimi hamu yangu ni kuona matuta yanavyokutana na bahari.

Haya ndiyo niliyokusanya mpaka sasa: kuteleza kwa ubao kwenye matuta, pikipiki za magurudumu manne (kwadi), safari ya gari hadi Sandwich Harbour, na ile ya asubuhi ya kutafuta viumbe wadogo wa jangwani. Kuna mtu pia kanishauri tukimbilie matuta ya Sossusvlei. Kila tangazo linajisifu lenyewe, kwa hiyo nataka kusikia waliokwenda. Mngechagua nini, na kwa nini?

TairiLaini

Dada, Sossusvlei ifute kabisa kwa siku moja. Kutoka Swakopmund hadi lango la Sesriem ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ni barabara ya changarawe. Ukifika Sesriem bado kuna kilomita 60 za lami ndani ya hifadhi, halafu kipande cha mwisho ni mchanga mtupu ambao gari dogo halipiti. Tuta maarufu la Dune 45 limepata jina kwa sababu liko kilomita 45 kutoka Sesriem. Pale panataka ulale, uamke alfajiri, uwe ndani lango likifunguliwa. Ukienda na kurudi siku hiyohiyo utaliona jangwa kupitia kioo, na goti la mama litakuwa limekunjwa kutwa nzima.

Kura yangu ni Sandwich Harbour. Iko kusini ya mji wa Walvis Bay, ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft, na hicho unachokitafuta ndicho kilichopo pale: ukuta wa mchanga unashuka hadi kwenye maji ya Atlantiki. Lakini kabla hujalipa chochote, tafuta jedwali la maji la siku hiyo. Kuna kipande cha ufukwe ambacho gari hupita katikati ya tuta na bahari, na hupitika maji yakiwa yamekupwa tu. Wewe mtu wa Pwani utanielewa haraka: siku za bamvua maji hupwa mbali sana, lakini yakijaa yanafika miguuni mwa matuta na hakuna njia. Yakikukuta yamejaa, dereva atawapandisha juu mkaione ghuba kutoka kileleni. Napo pazuri mno, ila si sawa na kupita chini huku mawimbi yako upande mmoja na mchanga upande wa pili.

Muulize mwenye safari swali moja tu: "Siku yangu maji yanakupwa saa ngapi, na mnaondoka saa ngapi?" Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.

KasiTu

Mdogo wako anataka kasi, mpe kwadi. Hakuna kinachofanana na kupanda ubavu wa tuta kwa injini, kukata kona juu karibu na ukingo na kushuka ukiwa umeegemea mteremko. Kwa asiyewahi kuendesha kuna kwadi za otomatiki ambazo hazina gia, na kila kundi lina kiongozi mbele. Sheria ambayo haina mjadala ni kubaki kwenye alama za tairi za kiongozi. Tuta huwa na upande wa joshini ulioshindiliwa na upepo, mgumu, unapandika vizuri, na upande wa demani, usiopigwa na upepo, ambao umekatika ghafla. Anayekikimbilia kilele bila kujua upande wa pili una nini anaruka hewani na kwadi inamwangukia.

Saa moja na nusu inatosha. Zaidi ya hapo mikono inauma na mandhari yanaanza kujirudia.

Mbawakawa

KasiTu, umeeleza vizuri, lakini naomba niongeze jambo ambalo matangazo hayalisemi. Mchanga wa matuta unafuta alama za tairi. Upepo ukipiga usiku, kesho yake tuta liko safi. Uwanda wa changarawe ulio kati ya matuta na bahari hausahau. Alama za gari pale hudumu miongo, na kuvu-mwani wanaoishi juu ya mawe hukua taratibu mno. Buabua wa Damara, ndege mdogo wa baharini, hutaga yai lake, mara nyingi moja tu, juu ya ardhi tupu ya uwanda huo wakati wa kiangazi cha kusini. Halionekani ukiwa umekaa kwenye kwadi. Mdogo wako akienda, achague kampuni inayowakataza wateja kutoka nje ya njia na inayomrudisha kambini anayekaidi. Eneo hilo ni la hifadhi ya taifa ya Dorob, iliyotangazwa 2010, si uwanja wa michezo usio na mwenyewe.

Kwa mama, bila kusita, safari ya viumbe wadogo. Mnakaa ndani ya gari, kiongozi anasoma nyayo mchangani, anasimamisha, anashuka, anarudi kuwaita. Kutembea ni hatua chache. Utaona mjusi kafiri wa jangwani mwenye ngozi inayokaribia kupenya mwanga na vidole vyenye utando vya kuchimbia mchanga. Utaona nyoka mdogo wa jamii ya kifutu ambaye macho yake yako juu ya kichwa, ili azikwe mchangani mwili mzima huku akiendelea kuvizia. Mwezi wa saba asubuhi ni baridi, na hapo ndipo kinyonga wa Namaqua anapendeza: hujigeuza mweusi ili anyonye joto la jua, na jua likipanda huanza kufifia rangi mbele ya macho yenu.

Kiongozi mzuri atapitisha sumaku juu ya mchanga na kuiinua ikiwa na manyoya meusi ya chuma. Ule weusi unaouona umechorwa kwenye matuta ni madini ya magnetiti, na wekundu wa zambarau ni madini ya ganeti. Ukishaliona hilo, hutatazama tena tuta ukaona rangi moja.

Jina langu hapa linatokana na mbawakawa mweusi wa Namib, yule anayepanda ukingoni mwa tuta wakati wa ukungu, anainamisha kichwa, anainua mgongo, na matone yanateremka hadi mdomoni. Swakopmund kwa mwaka haipati mvua hata ya milimita 20. Ukungu ndio unaolisha jangwa lile. Nadhani mtu akiondoka pale bila kujua hivyo, amepanda mchanga tu.

NyayoZaMchanga

Naona ubao haujapata wa kuutetea. Basi mimi.

Kuna ubao wa aina mbili na watu huwa wanavichanganya. Wa kwanza ni kipande cha hadibodi nyembamba. Unalala kifudifudi, unaushika ukingo wa mbele na kuuinua kidogo ili usijichomeke mchangani, viwiko juu, na ncha za viatu nyuma ndizo breki zako. Upande laini hupakwa nta kila mnapopanda tena. Kwenye mteremko mrefu unaweza kufika karibu kilomita 80 kwa saa, na uso wako uko sentimita chache tu juu ya mchanga. Wa pili ni ubao wa kusimama, unafungwa miguuni kwa viatu maalumu. Huo ni wa polepole zaidi, unataka mizani, na asiyewahi kuteleza atatumia nusu ya asubuhi akijifunza kuanguka. Mdogo wako akitaka kasi bila masomo, alale kifudifudi.

Kinachofanya iwezekane ni ule upande wa demani aliousema KasiTu. Mchanga mkavu hauwezi kujilundika kwa mwinuko wowote. Ukizidi nyuzi 32 hadi 34 hivi, unaporomoka wenyewe. Kwa hiyo upande huo daima umekaa kwenye ukomo wake, na wewe unateleza juu ya kitu ambacho nacho kilikuwa kinasubiri kuteleza. Matuta mengine hunguruma mtu akishuka, sauti nzito unayoisikia kifuani. Injini haikupi hilo. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kuupendelea ubao.

Gharama yake ni miguu. Hakuna anayekubeba kwenda juu. Pita ukingoni ambako mchanga umeshikana, kanyaga kwenye nyayo za aliyetangulia, usikimbie. Kwa goti la mama haifai, na hilo nisingelijaribu hata kidogo.

TairiLaini

Nakubaliana na NyayoZaMchanga kuhusu goti, lakini hata kwenye gari kuna tahadhari. Tairi hupunguzwa upepo hadi karibu na bar 1 ili zilale na zikanyage eneo kubwa la mchanga. Kushuka, gari huelekezwa pua chini moja kwa moja, gia ya chini, breki hazikanyagwi kwa nguvu. Likikaa kiubavu kwenye mteremko ule linapinduka. Kwa abiria inahisi kama lifti iliyokatika waya. Mwombeeni mama kiti cha mbele, aone kinachokuja, na mwambieni dereva mapema kwamba kuna mtu mzima mwenye goti. Dereva mwenye adabu atachagua miteremko mifupi.

Kusi_na_Kaskazi

Mmejadili shughuli, hamjajadili saa. Pale saa ndiyo inayoamua.

Mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, hewa inayopita juu yake inapoa, na ukungu unaingia nchi kavu usiku na asubuhi. Asubuhi ya ukungu ni ya viumbe wadogo: nyayo za usiku bado ni mbichi, upepo haujazifuta. Lakini mchanga wenye unyevu unakamata ubao, hauendi. Ubao usubiri jua likaushe mchanga. Baada ya hapo upepo wa kusini-magharibi huamka mchana na mchanga unaanza kuruka ukingoni, hivyo dirisha la ubao ni kama saa nne hadi saa saba. Jioni, jua likilala, matuta yanapata vivuli, na huo ni wakati wa kuwa juu ukipiga picha.

Mwezi wa saba pia una upepo wa mashariki. Si kila siku, ila ukija unakuja moto kutoka bara, ukungu unatoweka na mchanga unapiga usoni kama changarawe. Siku hiyo kampuni zinaahirisha. Kwa hiyo msiweke siku yenu ya jangwa kuwa ya mwisho kabla ya kuondoka, kama ratiba inaruhusu. Na jua huchelewa: linachomoza karibu saa mbili kasoro asubuhi, msije mkadhani mmechelewa kuamka.

BintiMikindani

Asanteni sana, nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia. Kwa ninavyowaelewa, tunaweza kugawanyika asubuhi: mama na mimi twende na viumbe wadogo, mdogo wangu aende na ubao. Halafu mchana tuonane Walvis Bay, twende wote Sandwich Harbour. Inawezekana, au nimeijaza siku kupita kiasi?

Mbawakawa

Inawezekana kama maji yanakupwa alasiri. Kutoka Swakopmund hadi Walvis Bay ni zaidi kidogo ya kilomita 30 za lami, barabara inapita katikati ya bahari na matuta. Shida ni kwamba safari ya asubuhi huisha karibu na saa saba na ile ya mchana huondoka muda si mrefu baadaye. Waambieni kampuni zote mbili mpango wenu mapema. Nyingine hukubali kuwasubiri, nyingine huwachukua palepale Swakopmund.

Maji yakikupwa asubuhi, geuza: Sandwich Harbour wote pamoja asubuhi, na alasiri mama apumzike kando ya wangwa wa Walvis Bay akiangalia heroe, huku mdogo wako akienda na kwadi. Viumbe wadogo mtawakosa, na itaniuma, lakini bahari na matuta ndiyo uliyoiomba wewe.

KasiTu

Na kwadi ya alasiri ndiyo nzuri zaidi, vivuli vinakuonyesha umbo la tuta kabla hujalifikia. Mchana wa jua kali kila kitu ni cheupe na hukadirii kina.

NyayoZaMchanga

Mambo madogo. Mavazi ya tabaka: asubuhi ya ukungu mtatetemeka, saa sita mtavua. Miwani inayoziba pembeni. Simu ifungwe kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, na lenzi ya kamera isibadilishwe nje. Soksi ndefu, kwa sababu mchanga unaingia kwenye viatu vya aina yoyote. Kuhusu fedha, dola ya Namibia iko sawa na randi moja ya Afrika Kusini na randi inapokelewa nchini kote, lakini ukivuka kwenda Afrika Kusini dola ya Namibia haitakusaidia, hivyo imalize kabla ya kuondoka. Na uliza kama ada ya hifadhi ya Namib-Naukluft imo kwenye bei, maana wengine huitoza pembeni.

BintiMikindani

Nimewaandikia kampuni mbili sasa hivi na swali la TairiLaini. Moja imejibu na saa za maji kupwa za wiki nzima, bila hata mimi kuziomba, pamoja na kuuliza goti la mama linakunjika kiasi gani. Hiyo ndiyo nitakayochukua. Wanasema wiki yetu maji yanakupwa alasiri, kwa hiyo asubuhi ni kinyonga na ubao, mchana Sandwich Harbour. Mdogo wangu bado anaulizia kwadi.

KasiTu

Mwambie asubuhi ya siku inayofuata kabla ya kuondoka, saa moja tu. Otomatiki, na abaki kwenye alama za kiongozi.