Mhandisi wa umeme aanze kazi ya ushauri akiwa na miaka mingapi kazini?

Chipukizi wa Mbagala:
Shikamooni wakubwa. Huu ni mwaka wangu wa sita katika uhandisi wa umeme hapa Dar es Salaam, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekwisha kunisajili kuwa mhandisi mtaalamu. Rafiki yangu tuliyesoma naye ananishawishi niache ajira ili tufungue ofisi ya ushauri, kwa kuwa kazi za majengo ni nyingi. Naomba kujua kwa waliodumu katika fani hii: mtu huiva lini?

Mzee wa Laini:
Marahaba, kijana wangu. Mimi nilianza mwaka 1976 kama fundi wa laini ya kilovolti 220 inayoleta Ubungo umeme wa Kidatu, nikasomea uhandisi nikiwa kazini, na kazi ya ushauri niliianza baada ya kustaafu. Hata hivyo, mwaka wangu wa kwanza wa ushauri nilikosea, tena vibaya.

Jengo moja la ofisi, Upanga, lilikuwa likiunguza waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha mkondo. Nilipopima fezi zote tatu, yaani nyaya zinazoleta umeme, nikazikuta chini ya ampea 300, ilhali transfoma yao ya kVA 315 hubeba takriban ampea 455 kwa volti 400. Nikaandika kwamba viungio vimelegea, vikakazwa, na baada ya wiki tatu nyutro ikaungua tena. Niliporudi na klampu mita, kipimo kinachobana waya na kusoma mkondo wake, nikaishika nyutro yenyewe, nilikuta mkondo wake unaupita wa fezi yoyote. Ghorofa zote zilikuwa zimejaa kompyuta, na vifaa vya namna hiyo huzalisha mkondo wa hezi 150 ambao, badala ya kufutana kwenye nyutro kama ule wa kawaida wa hezi 50, hujumlishana. Miaka yote ya laini sikuwahi kukutana na jambo hilo. Kwa hiyo usihesabu miaka tu. Hesabu ni mara ngapi umerudi kuangalia ulichokiandika.

Bi Fyuzi:
Naafikiana na Mzee, ila asikutishe sana, kwa sababu vijana ndio wanaoijua mifumo ya sola na vidhibiti vya mota kuliko sisi. Kumbuka pia kwamba mhandisi mshauri ana daraja lake la usajili, hivyo huyo rafiki yako asidhani kuchonga muhuri kunatosha. Nina swali moja: ukipima ukinzani wa ethi, yaani jinsi fimbo iliyozamishwa ardhini inavyozuia umeme kuingia udongoni, unapima mwezi gani? Udongo uliolowa masika hukupa namba nzuri, yaani ya chini, ambayo Septemba huioni tena, na huku pwani chumvi hula viungio vya fimbo ya ethi hata kabla jengo halijazeeka.

Mzee wa Laini:
Hilo la masika, dada yangu, limewaponza wengi wenye mvi.

Chipukizi wa Mbagala:
Nawashukuru sana. Nimemwambia mwenzangu asubiri, naye amenuna. Swali la Bi Fyuzi limenikosesha usingizi, maana ripoti ya ethi ya ghala moja la Kigamboni niliisaini mwezi Aprili, mvua ikinyesha, na nikaandika omu 4 kwa kujiamini kabisa. Jumamosi hii nitavuka na kivuko cha asubuhi nikaipime upya.