Sanrufu ya gari la umeme imegoma kufunga na mvua imeanza. Ni mota kweli?

Ticha_Mstaafu (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa sebuleni Chuno, lakini roho iko nje kwenye gari.

Nina kigari cha umeme cha mwaka 2018, mtumba kutoka Uingereza, nilichokinunua kwa kiinua mgongo baada ya kufundisha fizikia miaka 34. Mke wangu, Mama Salma, alitaka tujenge fremu za kupangisha. Hilo tuliache, maana kila kitu kikiharibika kwenye hili gari analikumbushia.

Jumanne natoka shambani, mbele ya Naliendele, joto la Disemba mnalijua. Nikafungua sanrufu, kile kioo cha paa, nipate upepo. Kufika nyumbani nabonyeza swichi ifunge, kioo kikasogea kama vidole viwili, kikatoa mlio krr-krr-krr kama panya anatafuna gunia, kisha kikarudi nyuma chenyewe. Nikarudia. Hivyo hivyo. Mara ya nne kikakwama katikati. Mara ya tano hata mlio hakuna. Limebaki pengo la kupitisha mkono mzima.

Usiku huohuo ikanyesha. Sasa gari limevaa turubai la kuanikia korosho, na majirani wananiuliza bei ya kilo.

Nimepita gereji mbili. Fundi wa kwanza aliinua boneti, akaona nyaya nene za rangi ya machungwa, akaishusha taratibu. Akaniambia, "Mzee, mimi nina watoto." Wa pili alikuwa jasiri kupita kiasi: alitaka achomoe soketi ya mota aipigie umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya bodaboda. Nikamshukuru nikaondoka.

Naomba mnisaidie. Hii ni mota imekufa, au kuna kingine? Na je, nikifungua silingi (dari la ndani) ya gari la umeme mwenyewe nitabaki hai? Mita ninayo, na kuitumia najua. Fyuzi nimeiangalia, nzima.

Kuchele_Mtoto

Mwalimu, paka silikoni pembeni kote, kioo kisifunguke tena maisha. Nani anahitaji sanrufu Mtwara na jua lote hili? Hiyo ni ya kwao huko wanaolitafuta jua kwa tochi 😂

Ticha_Mstaafu (Mtwara)

Mwanangu, mke wangu kasema hayohayo, kwa hiyo kura ni mbili kwa moja. Lakini silikoni inaziba kioo kilichofunga. Changu kiko wazi.

FundiWaya_Lindi

Shikamoo mwalimu, na pole.

Tuanze na hilo la kubaki hai, maana ndilo linalowakimbiza mafundi wengi. Gari la umeme lina mifumo miwili. Ule wa nyaya za machungwa ni wa betri kubwa, volti 350 hadi 400 hivi kwenye magari mengi, na huo usiuguse kabisa. Lakini taa, redio, vioo, wipa na hiyo sanrufu vyote vinatumia betri ndogo ya volti 12, kama kwenye gari lolote la petroli. Tofauti ni kwamba hakuna alteneta, ile dinamo ya kuchaji betri. Betri ndogo inachajiwa kutoka betri kubwa kupitia kifaa cha kushusha volti. Kwa hiyo huko juu hakuna waya wa machungwa. Ukiuona, shuka uniite.

Cha kuogopa juu ni mifuko ya hewa ya usalama. Ile ya pembeni imekunjwa kwenye kingo za paa, juu ya milango. Kabla hujagusa plastiki za nguzo zinazoshika paa, zima gari kabisa, vua kebo hasi ya betri ndogo, usubiri dakika 10. Sina haraka na kifaa kinacholipuka karibu na kichwa changu, na wewe usiwe nayo.

Huyo kijana wa betri ya bodaboda ulifanya vizuri kumkatalia. Mota nyingi za sanrufu za siku hizi zimeunganishwa na ubongo wake humohumo, kipande kimoja. Ukibahatisha chanya na hasi kwenye ile soketi unachoma saketi, na hapo hata kama mota ilikuwa nzima, umeiua wewe.

Sasa dalili zako. Kioo kusogea kidogo na kurudi chenyewe huo ni ulinzi wa vidole. Ndani ya mota kuna sensa inayohesabu mizunguko, na ikihisi mzigo umezidi inadhani kuna mkono wa mtoto, inarudisha. Kwa hiyo siku ya kwanza mota yako ilikuwa hai na ilikuwa inalalamika. Ilikuwa inasukuma kitu kizito. Mimi swali langu ni hilo: kitu gani?

Nipimie hivi. Betri ndogo ina volti ngapi gari likiwa limezimwa, na ngapi likiwa limewashwa? Kisha shusha ile taa ya ndani ya mbele uifikie soketi ya mota. Pima chanya na hasi huku Mama Salma anabonyeza swichi. Volti zikiporomoka, una waya mbovu au muunganisho wenye kutu. Zikibaki palepale na mota kimya, mshukiwa mkubwa ni mota.

Halafu angalia mota kama ina tundu la pembe sita katikati. Nyingi zina sehemu ya kuingiza ufunguo wa alen ukafunga kioo kwa mkono. Funga leo, mvua haikusubiri.

Ticha_Mstaafu (Mtwara)

Marahaba fundi. Nimefanya somo kwa vitendo asubuhi hii.

Betri ndogo: 12.5 limezimwa, 14.2 limewashwa. Soketi ya mota: 12.4, na Mama Salma akibonyeza inabaki 12.4. Kimya kabisa. Basi naona mota ni marehemu.

Tundu la pembe sita lipo. Nimeingiza ufunguo, nikazungusha. Wakuu, niliona cha kuona. Robo ya kwanza ilizunguka kwa shida, halafu ikawa nzito kama kukamua nguo mbichi ya jinzi. Nilifunga kioo kwa nusu saa nzima, jasho linanitiririka.

Kabla ya kukifunga nilimulika tochi kwenye reli za pembeni. Kuna kitu kama uji mkavu, rangi ya njano, kimegandia kwenye grisi ya kiwandani. Nikachokoa kwa kucha, nikanusa. Salfa!

Nikakumbuka. Kila mwaka Juni na Julai vijana wanapopulizia mikorosho salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, mimi huenda alfajiri kusimamia, kwa sababu salfa inapulizwa umande ukiwa bado majanini na upepo umetulia. Gari nalipaki chini ya mti. Na kwa kuwa ni alfajiri na hewa ni nzuri, sanrufu huwa naiacha wazi kidogo. Miaka mitatu. Nimelipulizia gari dawa ya mikorosho miaka mitatu, na halijawahi kuugua ubwiri unga.

FundiWaya_Lindi

😂😂 Mwalimu umejijibu. Salfa, mchanga na unyevu wa chumvi wa pwani yetu, hiyo ni saruji. Mota haikufa kwa uzee, imeuawa na reli. Ukifunga mpya bila kusafisha utaizika nayo kabla ya korosho za mwakani.

Na angalia mirija ya kutolea maji. Fremu ya sanrufu kwa kawaida ina minne, mmoja kila kona, inashuka ndani ya nguzo hadi chini ya gari. Watu hudhani ule mpira wa kuzunguka kioo ndio unazuia maji. Maji kidogo hupita siku zote, kazi ya mirija ni kuyatoa. Ikiziba yanatafuta njia yake, na njia yake huwa ni mota.

Dada_wa_Masasi

Shikamoo mwalimu. Mimi nilibadili mota ya namna hiyo kwenye gari la mjomba wangu hapa Masasi. Nakuambia nilipokosea, ya kupatia fundi keshayasema.

Kosa la kwanza, nilinunua mota ya pazia. Paa kubwa la kioo mara nyingi lina mota mbili, ya kioo na ya lile pazia la ndani, na kwa macho ni mapacha. Soma namba kwenye kibandiko cha yako mpaka herufi ya mwisho, kipige picha umtumie muuza spea, naye akutumie picha ya kibandiko cha yake kabla hujalipa. Sisi iliyopatikana ilitoka Dar, used, 250,000, ikaja na basi. Ya pazia bado ninayo, anayehitaji aseme.

Kosa la pili ndilo lililonitoa machozi. Mota inashikwa na skrubu tatu za nyota, ukizitoa inashuka yenyewe. Meno yake yanasukuma kebo mbili za chuma zenye mikato kama skrubu, moja inakwenda kulia, nyingine kushoto. Mota ikiwa nje hakuna kinachozishika. Mimi nikasukuma kioo kwa mkono nisafishe vizuri, upande mmoja ukatangulia. Nilipofunga mota kioo kikaenda upande kama kaa. Siku nzima nikizihesabu zile kebo. Kwa hiyo: safisha reli mota ya zamani ikiwa bado imefungwa, ukiendesha kwa ule ufunguo mbele na nyuma. Kisha funga kioo kabisa, kiwe sawa na paa, ndipo utoe skrubu. Na mota mpya iwe imeseti sehemu ya "kufungwa". Usiichezee mezani.

Kusafisha: brashi ya mswaki na kitambaa, uondoe grisi yote ya zamani, usiongeze juu yake. Paka grisi ya silikoni, kiasi cha filamu tu. Grisi nyeusi ya beringi usiiguse, inakusanya vumbi kama sumaku. Na mirija usiipulize kwa kompresa ya gereji, inachomoka huko ndani ya nguzo na utavua silingi nzima kuitafuta. Tumia uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia majani, taratibu, halafu mimina kikombe cha maji kila kona uone yanatoka wapi.

Ukishafunga, kioo hakitasogea ipasavyo mpaka ukifundishe. Kwenye la mjomba nilibonyeza swichi upande wa kufunga bila kuachia, kama nusu dakika. Kilikaa kimya, kikainuka nyuma, kikafunguka chote, kikafunga. Ukiachia kidole katikati unaanza upya. Lako linaweza kutofautiana kidogo, soma kitabu chake.

Ticha_Mstaafu (Mtwara)

Wakuu, nimerudi, wiki ya tatu sasa.

Mota imefika, namba imelingana hadi herufi. Ile ya zamani nimeipasua mezani, siwezi kujizuia. Pini za soketi zina kutu ya kijani, na upande mmoja wa kifuniko kuna mstari wa maji kama ule unaobaki kwenye sufuria ya chai. Mrija wa mbele kushoto ulikuwa umeziba. Nilipopitisha uzi wa nailoni kilitoka kidonge cha njano ukubwa wa punje ya mahindi, na nyuma yake maji ya kama nusu kikombe yakashuka karibu na gurudumu. Yalikuwa yamekaa humo, Mungu anajua tangu lini.

Reli zimenichukua siku mbili na miswaki minne. Mmoja ulikuwa wa Mama Salma, nimeshaulipia.

Dada wa Masasi, nimefuata neno kwa neno. Nilifunga skrubu, nikarudisha kebo ya betri, nikabonyeza na kushika. Sekunde ya kumi kimya. Ya ishirini kimya, nikaanza kuhesabu fedha kichwani. Kisha kioo kikainuka nyuma kama bata anajikung'uta, kikafunguka, kikafunga. Hakuna krr hata moja.

Kuchele_Mtoto, silikoni yako nimeitumia kwenye bomba la jikoni, asante.

Jioni Mama Salma alikuja kukagua. Akakaa kiti cha mbele, akabonyeza swichi kufungua, akafunga, akafungua tena. Nikamwambia basi mama, utaimaliza mota. Akaniangalia, akabonyeza tena.