Tupeane uzoefu: nani mwingine alikimbizwa hospitali akijua anakufa, vipimo vikatoka safi?

Mkazi wa Kimara
Wakuu salama. Jana kwenye mwendokasi, kabla hatujafika Ubungo, kijana mmoja alianza kupiga mlango anataka ashushwe katikati ya vituo. Watu wakasema amelewa. Mama aliyekuwa karibu naye akakumbatia pochi yake. Mimi nikamtazama vidole: vimekakamaa kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Nikajua, maana mwaka 2021 nilikuwa ni mimi.

Yangu ilinikuta Jumapili, nakula wali maharage naangalia mpira. Hakuna aliyekuwa ananidai, sijagombana na mtu. Moyo ukaruka, halafu ukaanza mbio kama unafukuzwa. Kifua kikabana, jasho la baridi, ganzi ikaanzia vidoleni ikapanda mpaka kuzunguka mdomo. Nikamwambia mke wangu ada za watoto ziko bahasha ya kaki juu ya kabati, nikiamini ndiyo kauli yangu ya mwisho. Akaita bajaji.

Hospitali: malaria hakuna, sukari safi, presha imepanda kidogo. Nikabandikwa zile nyaya kifuani, karatasi ikatoka, moyo mzima. Nikaondoka na dawa za vidonda vya tumbo. Baada ya wiki mbili nikarudi, nikaambiwa taifodi. Mara ya tatu UTI. Mimi huyohuyo, dalili zilezile!

Mara ya nne nilikuta daktari kijana wa zamu ya usiku, akavuta kiti akaniuliza: "Siku ambazo haijakukamata, unaishije?" Nikamjibu naishi nikiisubiri. Nimeacha kupanda gari lililojaa, nimeacha kwenda sokoni peke yangu, nalala na simu mkononi. Akaniambia ule mshtuko wa ghafla unaitwa shambulio la hofu, na unaweza kumpata yeyote hata mara moja maishani. Ila ukianza kupangua maisha yako kwa kuogopa lisirudi, hapo umeshakuwa ugonjwa, na unatibika. Miezi mitatu nazunguka hospitali, ndiyo kwanza nasikia jina lake.

Nyie mlijuaje? Wauza dawa kaeni mbali.

Kidampa
Ganzi ya mdomo!! Nilidhani ni mimi peke yangu.

Mama Wawili
Bahasha ya kaki imeniliza na kunichekesha. Mimi nilimpa dada wa kazi namba ya siri ya simu. Asubuhi nimepona, nikabadilisha.

Ukuti wa Unguja
Assalaam alaykum. Yangu mie haikuja kwa kishindo hicho. Mie sikuwahi kukimbizwa popote, ndiyo maana nikachelewa.

Mie nilikuwa mtu wa "itakuwaje". Mume akichelewa kidogo nishamuona kalala barabarani. Mtoto akikohoa nishamzika. Usiku naamka mara tatu kuangalia kama mtungi wa gesi nimeufunga, narudi kulala, nasema labda sikuangalia vyema. Watu wakaniita mwenye huruma sana, mama anayejali, na mie nikafurahi kuitwa hivyo! Kumbe shingo na mabega yaniuma kama nimebeba gunia la karafuu, taya zauma asubuhi kwa kusaga meno, tumbo halitulii, nasahau nilichotumwa, mtoto akiita "mama" mara mbili nampigia kelele. Miaka miwili nasuguliwa mgongo kwa mafuta ya karafuu.

Nilisomewa pia, sifichi. Wallahi nilitulia, nikalala siku mbili. Siku ya tatu nikaamka kuangalia gesi. Sheikh mwenyewe, Mungu amlipe, ndiye alonambia: "Mwanangu, kisomo endelea nacho, lakini na kwa daktari nenda." Huko nikaulizwa wasiwasi huu una muda gani. Nikasema miaka. Akasema wao huanza kuutilia maanani ukizidi miezi sita na unakuja siku nyingi kuliko usipokuja.

Mwana Rongai
Mimi ilinipata ndani ya mathree tukitoka tao. Nikamwambia makanga nishukishe hapa Nyayo. Akaniuliza "boss, si umelipia Rongai?" Nikashuka tu. Nilitembea kutoka Nyayo hadi Wilson na jua la saa saba, suti na begi la laptopu. Miezi minne sikupanda matatu iliyojaa, mshahara wote ukaisha kwa boda. Na huwezi ambia watu nyumbani, maana ukitaja daktari wa akili wanasikia Mathari tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili.

Kidampa
Huku wanasikia Mirembe. Tofauti ni nauli.

Simba Mzee
Vijana wa siku hizi mmekuwa laini. Sisi tulikula mlo mmoja, tulikwenda shule peku, hakuna aliyeshikwa na haya mambo. Ni simu hizo.

Mwalimu wa Zamu
Mzee wangu shikamoo, lakini hapana. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe: moyo mbio, kifua kuuma, pumzi fupi, kizunguzungu, na wengi wao akiwapima haoni moyo ulioharibika. Hao nao walikuwa na simu?

Kidampa
😂😂 1871 simu yenyewe ilikuwa bado haijavumbuliwa.

Simba Mzee
Hao walikuwa vitani. Wewe uko vitani? Unakula wali maharage.

Mama Wawili
Mzee, kwenye familia zetu hakukuwa na shangazi "mwenye moyo", asiyetakiwa kupewa habari za msiba ghafla? Asiyeenda harusini kwa sababu watu wengi "wanampandisha"? Walikuwepo. Hawakupewa jina tu.

Mtumishi K
Hiyo ni roho ya mauti wapendwa. Njooni kwa ujumbe wa faragha niwaelekeze.

Mwana Rongai
Faragha na namba ya kutuma sadaka, sivyo?

Mtumishi K
Usimdhihaki Mungu.

Mwana Rongai
Sijamtaja Mungu, nimekutaja wewe.

Dereva wa Tunduma
Naomba niweke yangu. Anayeijua ni tanboi wangu tu, naye kwa sababu alikuwepo.

Mwaka 2018 natoka Dar na mzigo wa Lubumbashi. Siku ya tatu hiyo nalala saa mbili mbili. Mfuko wa shati una mirungi, pembeni ya kiti makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Tajiri anapiga simu kila baada ya saa moja: umefika wapi? Usiku tukaanza kupandisha Kitonga.

Wanaopajua wanapajua. Ukuta upande mmoja, bonde upande wa pili, gari linapanda kwa gia ndogo linanguruma. Kona ya tatu nikaitazama mikono yangu kwenye usukani nikaona si yangu. Naiona imeshika, lakini kama ya mtu mwingine. Masikio yakaziba. Moyo nausikia kwenye meno. Pumzi inaingia haishuki. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimepita hapohapo nikakuta kichwa cha lori kiko bondeni na kiatu kimoja cha dereva kimebaki barabarani. Kile kiatu nikakiona tena, wazi kabisa. Nikajua zamu yangu imefika.

Nikavuta breki ya maegesho, nikawasha taa za hatari, nikaruka chini nikalala chali kwenye lami. Tanboi akadhani nimeona jini wa mlima. Akatoka mlango wa pili akakimbia! Sijawahi kumuona mtu mnene akipanda mlima kwa kasi ile.

Malori yakasimama nyuma, honi juu ya honi. Mzee mmoja wa Iringa, dereva wa zamani, akaja na tochi. Akazunguka akakagua matairi, akaangalia chini, akasema: "Gari nzima. Kilichoharibika ni dereva." Hakucheka. Akakaa pale chini karibu yangu, akaniambia nimhesabie taa za malori yaliyosimama. Nikihesabu nikikosea ananirudisha moja. Baada ya kama robo saa nikawa mtu tena, nimechoka kama nimelima heka.

Yeye ndiye aliyelipandisha gari langu mpaka juu, kijana wake akaja na lake. Iringa nikapimwa, hakuna kitu. Mganga wa zamu akauliza mambo mawili tu: unalala saa ngapi na unatumia nini ukeshe. Tajiri aliposikia akachukua funguo, akasema hawezi kumkabidhi kichaa mali yake. Nilikaa nyumbani miezi miwili.

Mama Wawili
Tanboi alirudi??

Dereva wa Tunduma
Tulimkuta Ilula. Alidandia lori la mbele. Alisema alikwenda kutafuta msaada.

Kidampa
Msaada wa nani, wake au wako 😂😂😂

Abiria wa Mwisho
Stori ya kutunga hii. Kitonga ukisimama kwenye kona na semi unaziba njia nzima, na huwezi kung'oa mzigo ule katikati ya mlima.

Dereva wa Tunduma
Tuliziba. Honi nilizotaja zilikuwa za nini, za harusi? Na semi nzima inang'oka, ukijua klachi.

Abiria wa Mwisho
Na mirungi umeitaja hadharani. Nchi hii ni kosa.

Dereva wa Tunduma
Ndiyo maana nimesema 2018.

Fundi Rimoti
Mzigo ulifika Lubumbashi?

Mkazi wa Kimara
Jamani uzi wangu umegeuka stendi ya malori.

Nesi wa Usiku
Niwarudishe kidogo. Huyo dereva ametaja kitu ambacho wagonjwa wengi wanaona aibu kukisema: kuona mikono si yako, au dunia kama ndoto. Si wazimu na si jini, ni mojawapo ya dalili. Ubongo umepiga king'ora cha hatari, mwili unajiandaa kukimbia: moyo mbio, jasho, damu inakwenda kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi. Unahema haraka kupita kiasi, hewa ya kaboni dioksaidi inapungua kwenye damu, ndipo zinapokuja ganzi, kizunguzungu na vidole kukakamaa. Mara nyingi hali hupanda mpaka kileleni ndani ya dakika kama kumi, halafu inashuka yenyewe.

Ila msijipime wenyewe. Mara ya kwanza LAZIMA uende hospitali. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, yanayokuja ukifanya kazi nzito, au una presha, sukari, umri umesogea, usikae nyumbani unahesabu taa. Na tezi ya shingo ikizidisha kazi huleta moyo mbio na mikono kutetemeka vilevile. Upungufu wa damu pia. Waambieni wapime.

Kidampa
Mimi napumulia mfuko wa karatasi.

Nesi wa Usiku
Acha. Kama siku hiyo ni pumu au moyo kweli, mfuko utakumaliza. Toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, inatosha.

Fundi Rimoti
Maji ya baridi usoni. Mimi yananisaidia.

Mwana Rongai
Mimi yaliniongezea. Naimba wimbo wa taifa kimoyomoyo, ubeti wa pili siujui, nikifika hapo nimeshasahau kuogopa.

Mama Wawili
Acheni kahawa.

Simba Mzee
Kahawa haijamdhuru mtu.

Mama Wawili
Mzee, wewe si ulisema huna haya mambo?

Shamba Asili
Ndugu, unga wa mlonge na mbegu zake, wiki mbili tu, wasiwasi kwisha.

Mkazi wa Kimara
Nilisema mkae mbali.

Binti wa Muscat
Niko huku kazini mwaka wa nne. Kwangu ni mlio wa simu. Ikiita kutoka nyumbani usiku, mikono inatetemeka kabla sijapokea, na mara nyingi ni mdogo wangu anataka vocha. Nilinunua vidonge vya usingizi, vile vidogo vya diazepamu nilivyokuja navyo. Vilikuwa vitamu, mpaka kimoja kikawa hakitoshi, hata viwili vikawa havitoshi.

Nesi wa Usiku
Pole dada. Hivyo mwili huvizoea haraka, na usiviache ghafla, tafuta daktari akupunguzie taratibu. Za kutumia muda mrefu zipo nyingine, kama fluoksetini au setralini, ila huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti na mwanzoni zinaweza kukuzidishia wasiwasi. Wengi wanaziacha wiki ya kwanza wakisema zimewashinda.

Ukuti wa Unguja
Mie hata sikupewa vidonge. Nilikuwa nakwenda kuzungumza tu, kila wiki, na napewa kazi ya nyumbani kama mwanafunzi: leo mtungi utauangalia mara moja tu, kisha kaa na huo wasiwasi mpaka uchoke wenyewe. Usiku wa kwanza nililia. Gesi haikulipuka.

Dereva wa Tunduma
Na mimi hivyohivyo. Nilianza na safari fupi, Dar–Chalinze, baadaye Morogoro. Kitonga nilipita mara ya kwanza mchana, nimekaa kiti cha tanboi. Nikirudi tena nikashika usukani. Bado ikifika kona ile nahema. Nikifika Ilula nalala, tajiri apige simu asipige.

Abiria wa Mwisho
Tajiri huyohuyo?

Dereva wa Tunduma
Mwingine. Tanboi yuleyule.

Mama Wawili
Mleta mada, yule kijana wa mwendokasi aliishia wapi?

Mkazi wa Kimara
Nilishuka naye Ubungo. Tukakaa pembeni, nikamnunulia maji, nikamwambia atoe pumzi polepole. Vidole vikaanza kufunguka. Nikamwambia na mimi hunikuta. Akaniuliza: "Kwa hiyo na wewe huwa unakufa?" Nikamwambia nimekufa mara nne. Akacheka akafuta jasho, akasema ana usaili wa kazi Posta saa tatu. Akapanda gari lililofuata, akasimama karibu na mlango. Namba yake sikuchukua, najilaumu.

Kidampa
Jamani yule wa mlonge amenitumia ujumbe. Elfu thelathini. Mlonge ninao uani, mbuzi wanaula bure.