Naomba ushauri: nimsubiri mbunge aulizie faili, au tukusanye saini?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Winnipeg, Kanada; mke wangu na watoto wawili wako kambini Nyarugusu, Kigoma. Faili lao la maombi ya kuja kuungana nami huku limekwama, huu mwezi wa 19.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mbunge wetu hapa jimboni. Mwenyewe alikuwa Ottawa. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri, akanipa fomu za ridhaa ili waweze kuulizia faili: yangu na ya mke wangu. Ya mke nikaituma WhatsApp. Ikarudi picha ina kivuli cha mkono, saini haisomeki. Tunarudia.

Sasa wazee wa kanisani wamenigawa. Mmoja anasema huyu si waziri, anakaa viti vya nyuma, anapiga kura chama kinavyotaka, atanisaidia nini? Mwingine anasema tuko familia nyingi wenye shida hii, tuandike ombi la karatasi. Saini 25 tu zinatosha, hata asiye raia anasaini mradi anaishi Kanada, na mbunge akiliwasilisha Bungeni serikali inatakiwa ijibu ndani ya siku 45. Au tumwombe alitaje katika ile dakika moja ya wabunge kabla ya maswali kwa mawaziri.

Barua ya kwenda kwake Bungeni haihitaji hata stempu, kwa hiyo gharama sihofii. Nahofia kelele zisije zikaharibu faili langu.

Aliyewahi kupitia njia hizi, ulianza na ipi? Na ofisi ilikujibu baada ya muda gani?