Poda, zinki au rangi ya joto kali: ipi yafaa vyuma vya injini na breki kwa hewa hii ya Pwani?

Kusi504: Salaam aleikum mabwana. Nina Peugeot 504 ya 1976, imefunguliwa yote, vyuma vimepangwa sakafuni hapa Tudor. Nataka kinga ya kudumu kwa kalipa za mbele (vile vibano vinavyoshika pedi za breki), mabati ya kukinga diski, manifoldi ya ekzosi (bomba la kwanza la moshi kutoka injini), kifuniko cha valvu, mabano na bolti. Kuna mwenye tanuri la rangi ya poda, ile ya unga mkavu unaookwa, amenipa bei moja ya mzigo mzima: "lete vyote, vitoke rangi moja." Gari si la maonyesho. Litalala nje na litakuwa likienda Malindi na kurudi.

FundiShimanzi: Wa aleikum salaam. Usipeleke vyote. Poda huokwa kwa nyuzi 180 hadi 200 hivi. Manifoldi hupita hapo mara dufu, kwa hivyo itaungua na kubabuka wiki ya kwanza. Kifuniko cha valvu, mabati ya diski, bano la betri, hivyo sawa kabisa. Ngozi yake ni nene na kokoto haziitoboi upesi.

Kalipa zawezekana, ila kazi yake yataka mtu makini. Pistoni na mipira yote itoke, matundu na thredi zizibwe, na pale pedi zinapoteleza pabaki chuma kitupu, ama pedi zitakwama. Tena uso wa habu, kile kitovu cha gurudumu pale rimu inapokaa, usipakwe kabisa. Rangi nene ikibanwa kati ya chuma na chuma husinyaa kidogo kidogo, na nati zinalegea. Niliwahi kuletewa gari linalotikisika usukani, habu na rimu zimetoka kupakwa juzi, nati nikazifungua kwa vidole.

MwanaNyali: Kwa kalipa mimi ni zinki tu. Kalipa nyingi za zamani zilitoka kiwandani na zinki au kadmiamu, si rangi. Zinki ya umeme, inayopakwa kwenye beseni la dawa, ni nyembamba, maikroni (elfu za milimita) 8 hadi 12 au karibu na hapo, kwa hivyo bolti yaingia kwenye nati yake bila kugombana. Omba ile ya manjano, yavumilia chumvi kuliko nyeupe. Na usichanganye na galvanaizi ya mabati: ile kitu hutumbukizwa kwenye zinki iliyoyeyuka ya nyuzi 450, hutoka na manundu na thredi zimejaa.

FundiShimanzi: Hapo nakubali, kwa sharti moja. Springi na bolti ngumu, zile zilizoandikwa alama ya ugumu 10.9 au 12.9 kichwani, asidi na umeme wa kupaka zinki huziingizia gesi ya haidrojeni. Nje zang'aa, ndani zimekuwa dhaifu, na siku moja yakatika ghafla bila dalili. Lazima ziokwe saa kadhaa kwa nyuzi 200 hivi mara tu zikitoka kwenye beseni. Muulize mwenye kazi kama hufanya hivyo. Akikutolea macho, chukua bolti zako uende. Za breki mimi hununua mpya.

BintiBamburi: Mbona hamtaji rangi ya mkebe, ile ya kalipa? Duka lolote la spea wanayo, na brashi yatosha.

MwanaNyali: Yatosha mpaka siku ya kutoa hewa kwenye breki, dada yangu. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi. Tone moja likibaki kwenye nipeli ya kutolea hewa, asubuhi rangi imekunjamana na yatoka kwa ukucha. Poda hustahimili zaidi, lakini nayo ikilowa muda mrefu hulainika. Zinki haijali.

BintiBamburi: Basi atie DOT 5 ya silikoni, haili rangi.

FundiShimanzi: Haili, kweli. Lakini haichanganyiki na DOT 4, kwa hivyo mfumo wote usafishwe na mipira ibadilishwe. Isitoshe haifyonzi maji, na maji yakiingia hukaa pale chini kabisa, ndani ya kalipa, yakitafuna chuma. Kwa unyevu wetu huu mimi ni DOT 4, na kuibadilisha kila baada ya mwaka au miwili. Ikiwa mpya huchemka nyuzi 230 kwenda juu. Ikishanyonya maji yaweza kushuka mpaka 155. Shuka nayo Wundanyi kuja Mwatate uone pedali inavyozama.

MzeeWaBandarini: Vijana, 504 ilishinda mbio za magari za Safari Rally 1975 na tena 1978, na hakuna aliyeuliza kalipa zina rangi gani. Haya, manifoldi: ipigwe mchanga mpaka chuma kitupu, upake rangi ya silikoni ya joto kali, bila praima ya kawaida chini. Ukishafunga, iwashe injini kidogo, ipoe, uwashe tena muda mrefu zaidi. Rangi hiyo haikomai bila moto. Rangi ya seramiki hudumu zaidi, kama mfuko waruhusu.

Kusi504: Ahsanteni. Kalipa na mabano madogo zinki ya manjano, mabati na kifuniko poda, manifoldi silikoni. Bolti za kifuniko nitatia za stenlesi.

MwanaNyali: Zitie grisi ya kuzuia kung'ang'ania. Stenlesi ndani ya aluminiamu pamoja na hewa ya chumvi, baada ya miaka miwili utazitoa kwa drili.

FundiShimanzi: Na mabomba ya breki je? Ya chuma yatupe, weka ya mchanganyiko wa shaba na nikeli.