Retina IIIc: wenzo wa kusogezea filamu umegoma

Mkunjo
Habari zenu wanajukwaa. Nimerithi Kodak Retina IIIc, ile kamera ya kukunja iliyoanza kutengenezwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1954. Lenzi ni safi, na taswira mbili ndani ya kitazamio zinaungana vizuri ninapopima umbali, lakini wenzo wa kusogezea filamu, ambao uko chini ya kamera, hausogei hata kidogo, na mlango wa mbele nao haukubali kufungwa. Je, nifungue bamba la chini nitazame kuna nini?

Fundi Shata
Usifungue chochote kwanza, ndugu, wala usiulazimishe wenzo huo. Kihesabu picha kinaonyesha namba gani? Kamera hii huhesabu kwa kurudi nyuma, yaani huonyesha picha zilizobaki, na kihesabu kikifika 1 wenzo hujifunga makusudi. Ukikisogeza hadi namba kubwa kwa kitufe chake kidogo, wenzo utaachia. Wanaotumia nguvu ndio huvunja kipande chenye meno kinachotega shata (kile kifungo cha ndani kinachofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu), na cha kubadilishia mara nyingi hutolewa katika kamera nyingine iliyokwisha kufa. Kuhusu mlango, rudisha kwanza lenzi kwenye alama ya ∞ (umbali usio na kikomo), kisha bonyeza kwa pamoja vitufe viwili, kimoja juu na kingine chini ya lenzi, ndipo uufunge.

Mkunjo
Kweli, kilikuwa kwenye 1. Wenzo umeachia na mlango umefungika, ahsante sana. Naona pia sehemu ya mbele ya lenzi inachomoka. Naweza kuweka ya milimita 80, ya kuvuta vitu vya mbali?

Xenon50
Unaweza, ila soma kwanza jina la lenzi, kwa kuwa IIIc zilitoka na Xenon ya Schneider au Heligon ya Rodenstock, na vipande vya mtengenezaji mmoja havifanyi kazi na vya mwenzake. Ya milimita 80 ina uwazi wa f/4 tu, yaani hupitisha mwanga kidogo kuliko f/2 ya lenzi yako, na kila picha itakubidi upime umbali kwa kitazamio, usome namba, kisha uihamishie kwenye kipimo kingine. Isitoshe, kitazamio cha IIIc kina fremu ya milimita 50 peke yake. Kwa maoni yangu usumbufu huo haulipi, hasa kwa mtu aliye na f/2 safi mkononi. Sehemu ya mbele uliyonayo usiipoteze, maana ililinganishwa kiwandani na ile ya nyuma.